Blanketi Katikati ya Darasa

Mimi ndiye niliyeleta Kiingereza cha darasani mtaani kwetu Butembo. Wapo watakaobisha, waje nyumbani waione diploma yangu, iko ukutani ndani ya kioo, na mhuri wake bado mwekundu kama siku niliyopewa. Kiingereza cha mpakani kilikuwepo tangu zamani, kile cha "yes" na "no" na kuonyeshana vidole. Lakini kabla yangu hakuna mtu mtaani aliyejua kwamba Waingereza wana maneno yanayoandikwa tofauti, yenye maana tofauti kabisa, ambayo yakitoka mdomoni yanakuwa sauti moja. Mimi niliyajua. Niliyajua kwa jasho. Na karibu yanivue tai yangu shingoni nikalime maharagwe.

Nilizaliwa hapa hapa, kwenye baridi na ukungu wa Butembo, mtoto wa mkulima wa kabichi. Uhuru ulinikuta shule ya msingi ya mapadre. Ninachokumbuka ni kwamba tulipewa kila mmoja mkate uliopakwa sukari, na mwalimu wetu, aliyezoea kutuchapa kwa Kifaransa, alicheza uwanjani huku akiimba kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani. Miaka michache baadaye waasi walifika, shule ikafungwa, na shangazi akanishika mkono tukavuka mpaka wa Uganda pale Kasindi pamoja na watu wengi waliobeba vyungu na magodoro vichwani. Upande wa pili wa milima ya Ruwenzori tulikuta watu wanaosema karibu lugha yetu, wakatupokea kama wajukuu waliochelewa njiani.

Vita vilipotulia shangazi alirudi. Mimi nilibaki. Nilifyatua matofali, nikaosha sahani za shule ya bweni, nikalala kwenye stoo ya mahindi, na mwishowe nikakaa benchi moja na watoto wa machifu nikawapita. Hakuna mjomba aliyenilipia, hakuna padre aliyeniandikia barua ya kuniombea nafasi. Siku nilipopata diploma ya ualimu nilinunua tai ya buluu, nikapanda juu ya lori la chumvi, nikarudi kwetu. Tai niliivaa tangu Kasindi, kwa hiyo nilishuka Butembo ikiwa nyeupe kwa chumvi. Nikaikung'uta mbele ya watu, makusudi.

Aliyenipokea ni baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, mfanyabiashara wa kahawa. Alikuwa na stoo ya matofali karibu na soko, yenye bati zuri na dirisha moja dogo. Kahawa ilikuwa bado haijaiva, stoo ilikuwa tupu, akanipa nifungue darasa la Kiingereza kwa watu wazima. Lakini aliweka sharti lake mlangoni, mbele ya majirani.

"Sikiliza, mutoto wa kaka yangu. Hii nyumba ni ya kahawa. Kahawa ikiiva na weye uko na batu bengi humu ndani, tutaongea. Ikiiva na weye uko peke yako, kahawa inaingia, weye unatoka. Unaenda Kayna kulima maharagi yangu. Na ile tai nitaifungia mbuzi."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Mtu hawezi kufyatua matofali ya nchi ya watu mpaka apate diploma, halafu akashike jembe Kayna na mbuzi amevaa tai yake.

Wanafunzi walikuja. Nilijua watakuja, maana wafanyabiashara wa Butembo walikuwa wameanza kwenda Kasese na Kampala kutafuta vitambaa, sabuni na majembe, na kule walikuwa wakiuziwa kama viziwi. Walifika jioni baada ya soko kufungwa, wakiwa na harufu ya bidhaa zao: huyu chumvi, yule mafuta ya mawese, yule mpira wa magurudumu. Ukitazama vizuri, hata hivyo, darasa langu lilikuwa watu wawili tu, na wengine wote walikuwa mikia yao.

Wa kwanza alikuwa mama wa samaki. Alinunua tilapia kule Kyavinyonge, ziwani, akazikausha kwa moshi na kuziuza Butembo, na sasa alitaka kuziuza ng'ambo. Mkatoliki wa benchi la mbele, mwili mkubwa, maneno machache. Alipokwenda yeye, wauza samaki wote walikwenda. Wa pili alikuwa mwenye lori, Mwislamu wa Beni, kijana mrefu mwenye kofia nyeupe na sauti ya upole isiyofanana na injini yake. Ukoo wao wote ni wasafirishaji. Alipokaa yeye, wasafirishaji walikaa. Mama alikaa mbele karibu na mlango. Mwenye lori alikaa nyuma kabisa, akiingia kabla yake na kutoka baada yake. Niliona ni mtindo wao tu. Wote wawili walikuwa na vichwa vyepesi, na mimi napenda kichwa chepesi.

Siku ya maneno yanayofanana sauti niliandika ubaoni, kwa mwandiko wangu ambao hata leo watu wanausifu: "week" na "weak". Nikaeleza kwamba la kwanza ni juma, la pili ni dhaifu. Nikasoma. Muuza sabuni, mtu asiyejua kunyamaza, akainua mkono.

"Mwalimu, soma tena ya kwanza."

"Week."

"Soma ya pili."

"Weak."

"Hapana! Ile ni neno moja, unatuuzisha mara mbili! Mimi nikifanya vile na sabuni, batu batanipiga na mawe."

"Sabuni yako unafanya vile vile," nikamjibu. "Kipande cha asubuhi na cha jioni sura ni moja, lakini cha jioni umekipunguza."

Darasa likapasuka kwa kicheko, na muuza sabuni mwenyewe akapiga meza. Nilipenda darasa lile. Lakini ugumu ulikuwa wa kweli. Nikiwaonyesha herufi, walizisoma kwa Kifaransa cha mapadre, na "weight", uzito, likatoka kama jina la dawa ya mifugo. Nikificha herufi, hawakujua kama nimesema uzito au nimesema "wait", yaani ngoja. Kwa muuza samaki, uzito na kungoja si mambo ya kuchanganya.

Basi nikatumia mbinu niliyofundishwa: wanafunzi wakae wawili wawili, wakitazamana. Mmoja aseme sentensi, mwingine amwangalie mdomo, kisha aandike neno kwenye kibao chake kwa chaki. Nikawapanga kwa uwezo, hodari na hodari. Nikaweka viti viwili katikati ya darasa, magoti kwa magoti, nikamwita mama wa samaki, kisha nikamwita mwenye lori.

Mwenye lori hakusogea.

"Jameni, njoo," nikasema. "Hapa hatuna patron wala mkubwa. Hapa kuna Kiingereza."

Mama alikuwa tayari amekaa, kwa kuwa nilimwita kwanza. Mwenye lori alisimama pale nyuma kama mtu aliyeitwa na hakimu. Mimi, kwa furaha ya kazi, nikamwendea, nikamshika mkono, nikamleta mpaka kitini na kumkalisha. Mama akavuta kitenge akafunika uso wake wote. Mwenye lori akatazama dari. Kisha akainuka, na kwa kuwa kuufikia mlango kulimtaka apite mbele ya mama, akaelekea dirishani. Dirisha la stoo ya kahawa si la mtu wa kimo chake. Lilimkubali kichwa na mabega, likafikiri kidogo juu ya mkanda wake, kisha likamwachia akaanguka nje. Kiatu kimoja kilibaki ndani, na hakuna aliyethubutu kukiokota.

"Mwalimu," muuza sabuni akaninong'oneza, na safari hii hakuwa akitania, "ule ni mama-mukwe wake."

Ningejuaje? Mji mzima ulijua, lakini mimi nilikuwa ng'ambo nikifyatua matofali. Kwetu, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani. Maneno yao yanapita mdomoni mwa mtu mwingine: "Mwambieni mgeni chakula kiko tayari," na mgeni yuko hapo hapo nyuma ya ukuta, anasikia kila kitu. Si chuki; ndiyo heshima yenyewe. Na kwa hawa wawili heshima ilikuwa na uzito zaidi, maana mama hakumtaka yule kijana tangu mwanzo. Dini nyingine, mji mwingine, mtu wa barabarani. Kijana hakubishana. Alichukua mila yetu akaishika kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Ilisemekana kwamba siku moja, alipomwona mama mkwe wake akivuka barabara na beseni la samaki, alirudisha lori nyuma mteremko mzima hadi chini, na magari mengine yote nyuma yake yakapiga honi na kurudi nyuma pia.

Tena alimletea blanketi la mkwe kama desturi inavyotaka, zito, jekundu, lenye mstari mweusi ukingoni, kutoka Kampala. Mama alilipokea, akalifungia sandukuni. Kwa baridi yetu ya Butembo, hakulivaa hata siku moja. Wanawake wa soko walimchokoza: "Mama, ile blanketi inangojea baridi gani?" Yeye aliendelea kupanga samaki.

Ndio hao niliowakalisha magoti kwa magoti.

Kesho yake darasa lilikuwa viti vitupu. Wauza samaki hawakuja, wasafirishaji hawakuja. Alikuja muuza sabuni peke yake, akakaa mbele, akavuka mguu.

"Leo uniuzishe hata neno moja mara tatu," akasema. "Hakuna mutu wa kuona."

Hapo baba mdogo akaingia na kikapu kidogo. Alikiweka juu ya meza yangu taratibu. Ndani kulikuwa na matunda ya kahawa, mekundu, yanayong'aa.

"Zimeanza," akasema.

Akatazama viti. Nilimweleza kilichotokea, na nilipofika kwenye habari ya dirisha alilazimika kuketi kwa kicheko. Kisha akafuta macho, akauliza kwa Kiswahili cha kwetu, kile cha "mais" badala ya lakini, "donc" badala ya basi, na "njo" badala ya ndiyo.

"Mais ile diplome yako, hapana mukwe ndani?"

"Hatukufundishwa, baba mdogo."

"Shule bila mukwe! Njo maana banarudi na tai, akili inabaki ku mpaka. Simama. Tafuta kuku, mweupe. Weye hautasema kitu, nitasema mimi."

Hivyo ndivyo mambo yanavyotengenezwa kwetu: aliyekosea hajisemei, humbeba kuku, na mzee wake humbebea maneno. Tulimkuta mama wa samaki nyuma ya nyumba yake, kwenye jiko la kukaushia, moshi ukimzunguka. Nilisimama mbele yake kabisa na kuku wangu mkononi. Alimtazama baba mdogo.

"Mumwambie mwalimu akae."

"Mama anasema ukae," baba mdogo akaniambia, uso mkavu.

Nikakaa.

"Mumuulize, kule Uganda batu banazaliwa na nani? Na miti?"

"Mama anauliza kama kule—"

"Nimesikia, baba mdogo."

"Hapana sikia! Ngoja uambiwe," mama akasema, akiendelea kumtazama baba mdogo, na nikaona pembe ya mdomo wake imecheza. Alikuwa ananifanya mkwe wake ili nionje.

"Mama," baba mdogo akasema, "kuku ni huyu. Huyu mutoto alitoka huku akiwa mudogo. Alipata diplome mbele ya kupata mukwe. Umuhurumie, alisoma vibaya."

Mama alimchukua kuku, akampima uzito mkononi kwa mazoea, akamweka chini.

"Mimi sina hasira," akasema. "Mais batu baliona. Miaka yote yule mutu anarudisha kamio yake, lori muzima, nyuma juu ya kuniheshimu, na jana nimemufukuza kwa dirisha kama mwizi. Ni yeye balimucheka, hapana mimi. Hiyo njo inaniuma. Nitarudi pale nikae wapi? Nikikaa, yeye hawezi kuingia. Akiingia, mimi natoka. Na yeye Kiingereza anaitaka kwa barabara, mimi naitaka kwa samaki."

Soko zima lilidhani mama yule bado hamtaki mkwe wake. Mimi nikiwa nimekaa na moshi machoni nikajua kwamba soko zima halijui kitu.

Wakati ule ule lori lilisimama mbele ya nyumba. Tulisikia hatua za mtu zikizunguka hadi nyuma ya ukuta wa udongo wa jiko, zikasimama huko. Mtu akakohoa kwa adabu.

"Mumwambie mugeni wa Beni," mama akauambia moshi, "samaki iko tayari, vikapu viko ku mlango."

"Mumwambie mama nimesikia," sauti ya upole ikajibu kutoka ng'ambo ya ukuta. "Na kiatu hapana shida, niko na ingine."

Hakuna aliyemwambia mtu kitu. Mama alifunga mdomo kwa kitenge, mabega yakitikisika. Baba mdogo alinitazama, na mimi nilikuwa nautazama ukuta. Sauti zilikuwa zimepita kama chumvi kwenye chujio, nyuso zikabaki kila moja upande wake.

"Mama," nikasema, nikasahau kwamba sikutakiwa kusema, "nikiweka ukuta darasani?"

Akanigeukia mara ya kwanza. "Ukuta ya matofali?"

"Ya kitambaa. Kwa kamba, katikati. Mama upande mmoja, yeye upande mwingine. Mutasikilizana, hamutaonana."

"Kitambaa utatoa wapi? Weye hauna kitambaa. Uko na tai tu."

Baba mdogo alicheka njia nzima tulipokuwa tukirudi.

Siku iliyofuata, kabla ya mtu mwingine kufika, mama wa samaki aliingia na bunda chini ya mkono. Akalifungua. Lilikuwa lile blanketi jekundu, na mikunjo yake ilikuwa migumu kama karatasi kwa kukaa sandukuni. Nilifunga kamba kutoka msumari hadi msumari, tukalitundika pamoja. Wauza samaki walianza kuingia nyuma yake mmoja mmoja, na kila aliyeingia alisimama kwanza. Hata muuza sabuni alisimama na mdomo wazi, hauna kitu.

"Munaangalia nini?" mama akasema. "Mukae. Humu ni baridi."

Mwenye lori alifika wa mwisho. Alisimama mlangoni, akaliona blanketi lake limening'inia katikati ya watu wote. Aliweka mkono kifuani, akainama kidogo kuelekea lile blanketi, akaenda upande wake. Kiatu chake nilikuwa nimekiweka chini ya kiti, kimepigwa rangi.

Kuanzia jioni ile darasa langu lilikuwa pande mbili. Upande mmoja ulisema sentensi, upande wa pili ulisikiliza bila kuona mdomo wala herufi, ukaandika. Na hapo ndipo maneno yale yalipofunguka. "Wait" peke yake lilikuwa fumbo. Lakini sauti ya mama ilipopita kwenye sufu nzito ikisema "The weight of my fish", chaki za wasafirishaji zilikimbia bila kusita. Akasema "Wait for me", zikaandika lingine. Yule anayesikia "son", mwana, ilimbidi angoje kidogo aone kama linakwenda na mama yake au linakwenda na mawingu, maana "sun", jua, lina sauti ile ile. Muuza sabuni, ambaye kinywa chake kilikuwa kimerudi, ndiye aliyelisema vizuri kuliko kitabu.

"Donc hii maneno ni kama batu. Hauijui kwa sura. Unaijua kwa yule inatembea naye."

Nimefundisha maisha yangu yote kwa sentensi ile. Walimu wenye diploma kubwa kuliko yangu wamekuja kuona pazia langu, wakaniuliza mbinu ile inafundishwa chuo gani. Huwajibu kwamba inafundishwa jikoni, kwenye moshi wa samaki, lakini mwanafunzi aliyeielewa alikuwa mimi.

Viti havikutosha. Watu walileta vigoda. Lakini kahawa nayo haikungoja. Kila siku kikapu cha baba mdogo kilikuwa kikubwa zaidi, na ingawa watu walikuwa wengi, yeye alikuwa hajasema lolote. Alipita, akapima ukuta kwa mikono, akahesabu magunia kwa macho, akatoka.

Kisha mvua zikaanza. Barabara ya kutoka Beni kwenda Kasindi ilikuwa na daraja la mbao ambalo kila dereva alilivuka akiomba kwa dini yake. Jioni moja mvua ilipiga bati hadi ilinibidi kupaza sauti. Kila mtu alijua kwamba alfajiri mwenye lori angeondoka na samaki wa mama mkwe wake, na kwamba malori mengine yangemfuata. Baba mdogo alikuwa mlangoni na gunia tupu begani, akijikinga na mvua.

Upande wa mama niliandika ubaoni sentensi za kusoma. Ya kwanza ilikuwa "The tea is weak." Aliisoma vizuri. Nilisubiri ya pili. Hakuisoma. Mvua ilipiga. Nilimwona ameweka mikono miwili magotini, anatazama mstari mweusi wa blanketi.

"The bridge is weak," akasema.

Haikuwa ubaoni. Nikashusha chaki.

"The rain is too much," akaendelea, akitafuta kila neno kama anayevuka mto juu ya mawe. "My son. Wait one week."

Upande wa pili chaki zilikuwa zimeanza kuandika, zikasimama. Watu walikuwa wameelewa kwamba lile si zoezi. Hakusema "mwambieni". Hakupitisha neno kwa mtu. Nyuma ya blanketi mwenye lori aliweka kibao chake chini, nikasikia mbao ikigusa saruji.

"Mother," akasema, "I hear. I will wait here."

Sijawahi kusikia sentensi zilizojisahihisha zenyewe bila mwalimu namna ile. "Weak" na "week", "hear" la kusikia na "here" la hapa, yote yalipita kwenye sufu ile na hakuna hata moja lililopotea njia.

"Banasema nini?" baba mdogo akauliza kutoka mlangoni.

Nikamweleza kwamba mama amemwita mwanawe, amemwomba angoje juma moja kwa sababu ya daraja, na yeye amekubali. Muuza samaki mmoja akashika mdomo. "Bamesemezana!" akanong'ona. "Uso kwa... hapana uso, mais bamesemezana!" Minong'ono ikaanza, na nikaona mama ameanza kuvuta kitenge chake. Kama angefunika uso siku ile asingerudi tena, wala mwenye lori, wala mkia wa yeyote kati yao.

Baba mdogo alishusha gunia. Alikuwa mtu wa mila. Harusi haikufungwa mtaani bila yeye. Wote walimtazama. Alikuna kidevu.

"Bankambo betu, bale bazee ba zamani, balikataza kwa Kinande," akasema polepole. "Kwa Kiswahili pia balikataza. Kwa Kiingereza..." Akanigeukia. "Mwalimu, kuna nkambo mumoja alijua Kiingereza?"

"Hakuna, baba mdogo."

"Donc hakukatazwa kitu."

Vicheko vilizima hata mvua. Muuza sabuni alipiga kelele kwamba yeye pia ana mama mkwe, tena mkali, na kwamba sasa atajifunza matusi ya Kiingereza kwanza. Mama aliachilia kitenge chake kikaanguka begani.

Daraja halikuanguka. Lazima niliseme hilo, maana watu wanapohadithia kisa hiki wanapenda kuliangusha. Malori mengine yalipita salama, yakauza, yakarudi, na madereva wakamtania mwenye lori kwamba ameogopa maji. "Mama alisema," aliwajibu. Nilimsikia akisema hivyo sokoni mara nyingi, na kila mara alikuwa na uso wa mtu aliyepata faida.

Juma lile lilipokwisha aliondoka. Jioni ile ile, baada ya masomo, mama wa samaki alifungua kamba mwenyewe. Sikumzuia, blanketi lilikuwa lake. Alilikung'uta vumbi la chaki, akalitupia mabegani, akalifunga kifuani vizuri, na akatoka kupitia katikati ya soko, polepole, wakati wanawake walikuwa bado wanakusanya bidhaa. Hakuna aliyemuuliza lilikuwa linangojea baridi gani.

Miaka mingi baadaye, katika uasi mwingine, askari wa ng'ambo ya mpaka walikaa katika miji yetu na kuuliza watu mambo kwa Kiingereza kwenye vizuizi. Nimewaona wanafunzi wangu wa zamani wakisimama pale, wamefumba macho kidogo, wakingoja sentensi iishe kabla ya kujibu. Walijibu sawasawa na kupita. Najivunia hilo kuliko kioo cha ukutani, na kioo chenyewe najivunia sana.

Lakini jioni ile nilibaki na kamba tupu. Kesho darasa lingejaa watu tena, na halikuwa na ukuta. Nilikuwa nawaza kuitundika shuka yangu ya kulalia baba mdogo alipoingia, ananuka kahawa mbichi, amebeba mgongoni turubai lake kubwa, lile la kuanikia. Akalitupa chini.

"Tundika."

"Na kahawa, baba mdogo?"

"Kahawa italala kwangu, ndani ya chumba cha wageni. Kahawa haisomi." Alishika ncha moja ya kamba, mimi nyingine, tukalivuta turubai mpaka likafika ukuta hadi ukuta. Kisha alizunguka upande wa pili, nikasikia kigoda kikilia chini ya uzito wake, na koo likisafishwa.

"Haya, mwalimu. Anza. Na useme polepole, nimelipa turubai nzima."